Apdeti imetoka, sawa, ila nani asiiguse?

Mwaka jana mwezi wa sita, asubuhi hata chai sijanywa, nawasha data nakuta voisi 4 za dada mmoja mwenye steshenari Mbagala. Yumo kwenye grupu letu la mafundi na wenye maduka ya huduma za kompyuta, na ni mtu asiyeandika wala kuongea, yeye huwa anasoma anapita, kwahiyo kuona voisi 4 nikajua tu hapa kuna jambo. Ya kwanza ina kimya kidogo, sauti za watu nyuma, alafu anasema, "Kaka samahani kwa asubuhi, printa yako imekataa wino wangu." Nikawaza printa yangu ipi tena, mi sijawahi kumuuzia printa huyu. Ya pili ikanijibu. "We si ndo ulituambia jana tuapdeti."

Ni kweli, ni mimi. Jana yake usiku niliona kampuni moja ya printa, jina naliacha, imetoa toleo jipya la programu ya ndani ya printa zake, ile inayokaa kwenye printa yenyewe sio kwenye kompyuta, na maelezo yao yanasema inaongeza usalama na inarekebisha tatizo la printa kupotea kwenye Wi-Fi. Kama umewahi kufanya kazi steshenari unaijua hiyo kero ya printa kupotea kwenye Wi-Fi, mteja amesimama, wewe unazima unawasha, unazima unawasha. Basi nikafurahi mwenyewe nikaandika "Wakuu apdeti ya zile printa imetoka, inamaliza tatizo la Wi-Fi, shusheni haraka", nikamalizia na vimoto vitatu, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Sikuwa nimeijaribu. Wala sikusoma mpaka chini, na kule chini, kwa lugha ya kistaarabu kabisa, walikuwa wameandika kwamba baada ya hiyo apdeti printa inaweza kukataa katriji zisizo na chipu yao. Sasa niambie steshenari gani ya mtaani inatumia katriji orijino? Pale ni katriji za kuiga na wino wa kujaza, chupa na sindano, ndo biashara ilivyo, ukitumia orijino itabidi kopi moja uuze bei ya soda. Na ule ulikuwa msimu wa fomu za kujiunga kidato cha tano, wazazi wamejaa mlangoni na simu zao mkononi wanataka kuprinti kurasa kumi na kitu kila mmoja, na printa inawaka taa nyekundu tu.

Kwahiyo hii posti naandika kama mkosaji, sio kama mwalimu, ingawa nakiri mwishoni mwa kila kosa langu huwa naanza kufundisha wengine.

Kilichonikaa kichwani toka siku ile ni kwamba tangazo langu lilikuwa la kweli kabisa. Toleo lilikuwepo, kampuni ndo iliyolitoa, na ishu ya Wi-Fi nasikia kweli iliisha. Hakuna uongo hata kidogo na bado nikamharibia mtu siku yake, maana nilisema kila kitu isipokuwa kitu kimoja, nani asiiguse. Na nikianza kurudi nyuma kusoma matangazo ya apdeti yaliyopita kwenye magrupu yangu yote, ya mafundi, ya wahasibu, la wazazi wa darasa la nne, hamna hata moja lililosema nani asiiguse. Yote ni pakueni, pakueni, pakueni.

Ukitaka kuona kwamba sisi tunajua kutangaza vizuri tukitaka, angalia tangazo la msiba. Hakuna aliyetufundisha shuleni lakini kila mtu anajua mpangilio wake, nani kafariki, ni mtoto wa nani au mke wa nani, msiba uko nyumbani kwa nani, kuzika lini na wapi, na chini kabisa namba ya mtu wa kupigia. Wa kwao anajua aondoke sasa hivi, jirani anajua aje jioni, na wa mbali anajua atume rambirambi. Hakuna mtu anayeandika KUNA MSIBAAA alafu anazima data analala. Lakini apdeti tunatangaza hivyohivyo, KUNA APDETI, na mtangazaji haonekani tena mpaka kesho saa nne.

Tena mwingine hata hajaandika yeye, kafowadi tu. Na hapa niseme WhatsApp wenyewe walijaribu kutusaidia, Januari 2019 wakaweka kikomo cha kufowadi mara moja kwa watu au magrupu 5 tu dunia nzima, alafu Aprili 2020 ujumbe uliokwishazunguka sana ukawa unafowadika kwa sehemu moja tu kwa wakati mmoja, na unakuwa na vimishale viwili juu. Mi nikiona vile vimishale viwili juu ya tangazo la apdeti najua hapo aliyeileta hajui zaidi yangu, na siku hizi kama admini nafuta bila kuomba radhi. Watu wamenuna. Wamezoea sasa.

Mfano mzuri wa ujumbe uliopoteza kichwa njiani ni ule wa mwaka 2025 wa "kuanzia tarehe 5 mwezi wa tano WhatsApp itaacha kufanya kazi kwenye simu za zamani". Ulikuwa na ukweli ndani yake. Tarehe ile WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone ambazo haziwezi kufika iOS 15.1, yaani wale wa iPhone 5s, 6 na 6 Plus, basi. Lakini mpaka unafika kwenye grupu la ukoo wetu neno iPhone limeshaanguka huko barabarani, umebaki "simu za zamani", na shangazi yangu mwenye Tecno ya miaka mitatu anapiga simu anauliza atauza nini anunue simu mpya. Shangazi hilo tangazo halimhusu hata kidogo. Mstari mmoja tu, "kama simu yako ni Android hii haikuhusu", ungemwacha alale.

Na huwezi kusema basi tupuuze yote, hapo ndo ugumu ulipo. Mwezi wa tano 2019 WhatsApp ilikuwa na tundu la kweli, la kutisha, mtu anakupigia tu, hata usipopokea, na programu ya kijasusi inaingia kwenye simu yako. Wenyewe wakasema watu wote wasasishe, kwa Android ilikuwa uwe na toleo 2.19.134 au la juu yake. Ule ujumbe ulipofika kwenye magrupu yetu ulikuwa umevaa nguo zilezile za uongo tuliouzoea, herufi kubwa, alama za mshangao, "watumie uwapendao". Maana tulikuwa tumeshapigwa na ile WhatsApp Gold tangu 2016, ati toleo la mastaa, na baadaye, mwaka 2021, ikaja WhatsApp ya pinki, unabonyeza linki ili simu ipendeze, kumbe ni kirusi na chenyewe kinaanza kujibu meseji za watu wako kwa niaba yako, kinawatumia linki ileile. Sasa mtu wa kawaida atatofautishaje? Yeye anaona meseji mbili zote zinapiga kelele, moja inataka kumuokoa na nyingine inataka kumuibia.

Kwa mawazo yangu tofauti aliyotakiwa kupewa ni namba ya toleo na njia ya kwenda mwenyewe. Tangazo la kweli la 2019 lilikuwa na namba, ungeweza kufungua mipangilio ya WhatsApp ukaangalia yako ni ngapi, ukikuta tayari iko juu unafunga simu unaendelea na maisha. La uongo halina namba, lina linki. Ndo maana kwenye grupu letu tulishakubaliana apdeti ya simu haiwekwi linki kabisa, unaandika tu "ingia Play Store, tafuta jina, ukiona kitufe cha kusasisha bonyeza, usipokiona tulia". Apk, yaani faili lenyewe la kuweka programu kwenye simu, ya kutumiana mkononi hapana, hata kama umeitoa kwenye simu yako mwenyewe, hata kama wewe ni fundi na tunakuheshimu. Kuna kijana alinuna akasema "kwahiyo bro hamniamini?" nikamwambia mdogo wangu sio wewe, ni hilo faili.

Ila nisikudanganye pia kwamba linki rasmi ni dawa. Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, wale wa Linux mnaijua, tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti yao yenyewe wakageuza linki ya kupakulia, ukibonyeza pale pale kwenye ukurasa rasmi unapelekwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mvamizi kuingia kwenye kompyuta yako. Kilichonifurahisha mimi ni jinsi walivyotangaza baada ya kugundua. Hawakusema Linux Mint imevamiwa kimbieni wote. Walisema ni toleo 17.3 la aina inayoitwa Cinnamon, la siku ile, kama ulipakua toleo jingine au aina nyingine halikuhusu, kama ulipakua kwa torrenti, ile njia ya kuvuta faili vipande vipande toka kompyuta za watu wengine, halikuhusu, na wakaweka zile namba ndefu za kuhakiki faili uone lako ni zima au bovu. Unaona? Watu wamevamiwa, wana aibu, simu zinaita, na bado wamepata akili ya kuandika nani halimhusu. Mi nilikuwa na vimoto vitatu na muda wote wa duniani.

Tukija kwenye bando, hapa nitakaa kidogo maana naona watu wa huko wenye faiba ndani ya nyumba hawaelewi. Ukiniambia "apdeti Windows sasa hivi" umeniambia nitoe hela. Apdeti kubwa ya Windows inafika GB kadhaa, na mtu anayeunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu bando lake la wiki linakwenda lote kabla hajafungua hata Word. Kwahiyo ukitangaza taja ukubwa, hata wa kukadiria, MB 80 sio sawa na GB 4, ya MB 80 nitaishusha kwenye daladala na ya GB 4 nasubiri niende kwa rafiki yangu mwenye Wi-Fi, au usiku kama kifurushi changu ni cha usiku. Na ni uungwana pia kumkumbusha mtu kwamba kwenye Windows kuna sehemu ya kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, ikishajua hivyo inaacha kujishushia vitu hovyo, na kuna sehemu ya kusitisha apdeti mpaka siku 35. Hivi vitu viwili vimeokoa watu wengi kwenye grupu kuliko apdeti zenyewe.

Muda wa kutangaza nao. Microsoft wana desturi ya kutoa apdeti Jumanne ya pili ya kila mwezi, desturi ya tangu 2003, na kwa saa za kwetu zinaanza kuonekana saa mbili usiku, au saa tatu kipindi ambacho Marekani wamerudisha saa zao nyuma. Sasa kuna jamaa yetu mmoja yeye saa mbili na dakika tano tayari, "wakuu zimetoka". Ndugu yangu zimetoka ndio, tumezijaribu saa ngapi? Siku hizi tuna utaratibu, sio sheria, kwamba ya Jumanne inasubiri mpaka Alhamisi, watu wawili watatu wenye mashine ya ziada wanaiweka kwanza, wanaprinti, wanafungua ile programu ya uhasibu, wanachomeka flashi, alafu ndo mmoja anaandika. Akiandika anaanza na mashine yake, "nimeweka kwenye Dell ya zamani RAM 4, Windows 10, imechukua dakika 50, printa inafanya kazi, skana bado sijajaribu". Hilo neno bado sijajaribu ni zuri sana. Laiti ningeliandika mimi.

Na tusitangaze apdeti za kompyuta za maofisini tarehe za mwisho wa mwezi. Wahasibu wanafunga vitabu, mishahara inatoka. Hata kama ni nzuri, ikae hadi tarehe 3.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema mbona unahubiri kusubiri na wewe ulishuhudia WannaCry. Kweli. Tarehe 12 Mei 2017 kile kirusi kilifunga mafaili ya watu dunia nzima, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na kiraka chake Microsoft walikuwa wamekitoa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nilizokuwa nafungua mimi miaka ile nyingi zilikuwa zimezimwa apdeti makusudi kwa sababu Windows yenyewe ni ya kuchoma kwenye sidii, mtu anaogopa ikiapdeti itajulikana. Kwahiyo kusubiri kuna bei. Lakini na kukimbilia kuna bei, Ijumaa tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, walituma kipande kidogo tu cha apdeti kwa mashine za wateja wao, saa za kwetu ni saa moja na dakika tisa asubuhi, wakakivuta saa mbili na dakika 27, na ndani ya muda huo kompyuta kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft zikaanguka na skrini ya bluu, ndege zikakaa chini, mabenki yakasimama. Hiyo hakuna aliyeitangaza wala kuulizwa, ilijiingiza yenyewe.

Na asubuhi ileile matangazo ya "dawa ya CrowdStrike" yakaanza kuzunguka, mengine ya matapeli kabisa wenye tovuti za kutengeneza dakika hiyohiyo. Kwenye grupu letu ilirushwa moja, na mrushaji hana mteja hata mmoja mwenye CrowdStrike, hiyo kitu ni ya makampuni makubwa, steshenari ya Tandika inaipata wapi. Nilimuuliza inbox kwa upole, kaka hii inamhusu nani humu ndani? Akafuta mwenyewe.

Kwahiyo ukiniuliza lini useme sasa hivi na lini useme subirini, mi naangalia hivi, kama apdeti inaziba tundu ambalo watu wanalitumia leo kuingia, sema sasa hivi na useme ndo sababu, na kama inaleta vitufe vipya na rangi mpya basi hakuna aliyekufa kwa kukosa rangi mpya, jaribu kwanza. Na kama hujui ni ya aina gani, hujasoma, na kama hujasoma usitangaze. Wengi hawasomi kwa sababu orodha ya mabadiliko imeandikwa Kiingereza kigumu na ni ndefu, nakubali, mimi mwenyewe ndo kilichoniponza, lakini namba zenyewe huwa zinasema kitu. Programu nyingi zina namba tatu, 2.4.1 ikiwa 2.4.2 ni marekebisho madogo, ikiwa 2.5.0 kuna vitu vimeongezwa, ikiwa 3.0.0 jiandae, kuna kitu cha zamani kimevunjwa na huenda ndo unachokitumia. Sio wote wanafuata huo mpango, Ubuntu kwa mfano 24.04 ni mwaka na mwezi tu, Aprili 2024, lakini ukiandika namba ya zamani na namba mpya kwenye tangazo, anayejua atajua.

Tangazo ninalolipenda kuliko yote niliyowahi kuona ni la Andres Freund, tarehe 29 Machi 2024. Huyu ni mhandisi wa Microsoft anayetengeneza pia PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwenye mashine kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali nayo, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Mi printa ikichelewa dakika nasema ni Tanesco. Yeye akachimba mpaka akakuta mlango wa nyuma umepandikizwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayokaa karibu kila Linux, kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Alipowaandikia watu alitaja matoleo hayo mawili, akaeleza alivyoshtuka, akaeleza alichokiona kwa mpangilio, na akasema wazi kwamba yeye sio mtafiti wa usalama na kuna mengi hajayachambua. Mtu kagundua kitu ambacho kingeweza kufungua seva za dunia nzima na hajaweka hata kimoto kimoja.

Upande wa pili wa hadithi hiyohiyo ndo unanifanya niwe mgumu kwa vijana wanaokuja kwenye grupu kusukuma matoleo mapya. Aliyepandikiza ule mlango, anayejiita Jia Tan, alifanya kazi nzuri ya kawaida kwenye xz kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, na toleo lenye sumu lilipotoka ikaonekana haraka ya kuwaomba watu wa Linux mbalimbali walichukue upesi, ni zuri, lina maboresho. Waliopona ni wale waliokuwa bado wako kwenye matoleo yao ya zamani yaliyotulia, kwa uvivu au kwa hekima sijui, matokeo ni yaleyale. Sisemi kila anayesukuma apdeti ana ajenda. Nasema anayenisukuma nikimuuliza "haraka ya nini" anijibu bila kununa.

Na hapo niwaseme kidogo wadogo zetu wenye programu zao. Nawapenda, mmetengeneza mfumo wa duka, mfumo wa saccos, mfumo wa kukusanya michango ya harusi, safi sana na tunataka vya nyumbani viende mbele. Ila ukitoa matoleo matatu kwa wiki na kila moja unalileta kwenye grupu la watu 300 na picha yenye mwanga wa dhahabu, siku ile ya nne ambayo una jambo la maana kweli, umeziba tundu linalovujisha namba za wateja, hakuna atakayefungua, wameshakunyamazisha. Kusanya yako yote lete mara moja kwa mwezi. Na sema ni yako, usijifanye umeikuta mahali ukaipenda, "jamani nimekutana na hii app kali sana", tunajua ni yako kaka, jina lako liko chini ya skrinshoti.

Lugha nayo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kwahiyo maneno yapo siku nyingi, na mi sina ugomvi na anayesema apdeti wala anayesema sasisho, mimi mwenyewe nachanganya kama mnavyoona. Shida yangu ni mtu anayekopi aya nzima ya Kiingereza akaibandika kwenye grupu ambalo nusu ya watu wanaisoma kwa kubahatisha. Ukishindwa kuieleza kwa maneno yako mistari mitatu basi kuna uwezekano hata wewe hujaielewa. Na voisi ya dakika sita ya kueleza apdeti tafadhali hapana, siwezi kutafuta namba ya toleo ndani ya voisi.

La mwisho kabla sijasahau, baki. Ukishatangaza kaa hapo hata masaa mawili. Mtu atauliza "mbona mimi sijaiona?" na jibu mara nyingi ni rahisi, Play Store inaruhusu mwenye programu kutoa toleo kwa asilimia ndogo ya watu kwanza, yeye bado hajafikiwa, sio simu mbovu, asiende kutafuta apk mitaani. Usipokuwepo kumjibu ataenda, na huko ndo anakutana na ile ya pinki. Na ukigundua umekosea usifute kimyakimya, kuna walioshafanya ulichosema na wanahitaji kujua, andika palepale juu ya tangazo lako kwamba nimekosea, simamisheni, aliyeshaweka anipigie.

Mimi ile asubuhi nilifanya hivyo nikiwa na kandambili mguuni, nikaandika SIMAMISHENI, na watu saba walikuwa wameshaiweka. Wanne walikuwa na katriji za kampuni, hawakupata neno. Wawili tuliwarudisha toleo la zamani kwa kuhangaika. Ya yule dada wa Mbagala ilikataa kurudi kabisa, nilienda mwenyewe na gari mbili, nikakaa kwenye kistuli chake kuanzia saa tatu mpaka saa nane nazima nawasha, wazazi wananiangalia kama mimi ndo kidato cha tano. Mwisho nikaenda Kariakoo nikanunua katriji orijino moja, nusu hela yangu nusu yake, ingawa nilitaka kutoa yote alikataa, akasema "kaka na mimi si ningekuuliza."

Toka hapo anauliza. Yule ambaye alikuwa hasemi kitu, sasa kila tangazo la apdeti likirushwa kwenye grupu, awe karusha nani, wa kwanza kujibu ni yeye na swali lake ni moja, "wino wa kujaza je?" Wiki iliyopita mtu kaweka apdeti ya kamera ya simu, dada akauliza vilevile, na jamaa akajibu kwa adabu zote kwamba hapana dada, hii ni ya Samsung tu, haigusi printa.

Nikaona ndo tangazo la kwanza mwaka huu lililosema linamhusu nani.